Masomo nane ya sauti kuhusu majahazi na Wareno, niliyoyasikiliza karakanani Dunga

Mimi ni fundi wa mashua hapa Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Kutwa mikono imeshika randa au nyundo na macho yako kwenye mbao, lakini masikio hayana kazi. Ndiyo maana Ramadhani iliyopita nililipa shilingi 600 kwa M-Pesa nikatumiwa masomo nane ya sauti, ya Kiswahili, juu ya biashara ya Waislamu baharini na jinsi Wazungu walivyoiingilia. Nimeyasikiliza yote, mengine mara tatu.

Yanaanza na pepo, na hapo wamefanya vizuri sana. Kaskazi ikishika mwisho wa mwaka, majahazi yanateremka kutoka Arabuni na Bara Hindi na tende, nguo na vyombo vya kauri. Kusi ikianza Aprili, yanarudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Nilielewa mara moja, maana na sisi twaishi kwa upepo. Usiku unavuma kutoka nchi kavu ukiwasukuma wavuvi ndani ziwani, mchana unageuka kuwarudisha ufuoni. Wetu unageuka kila siku. Wao walingoja miezi. Nahodha aliyepitwa na msimu alibaki Mombasa au Kilwa, akapanga, akaoa, na watoto wake wakakua wakisema Kiswahili.

Somo la tatu ni la mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, na hilo ndilo lililonifanya niweke nyundo chini. Mtepe haukupigwa msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa pembeni, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa. Kijana ninayemfundisha kazi aliuliza, "Fundi, zilishonwa kama nguo?" Nikamchukulia vipande viwili vya mbao, nikavitoboa kwa keke, tukavishona kwa kamba ya nailoni. Tulipovikunja kidogo vilipinda bila kupasuka. Ndipo nikaona chombo kile kilivyoweza kupanda mchangani na kugusa mwamba kikasalimika, pahali ambapo mashua yangu ya misumari ingevuja kwenye mkuku.

Kisha Wareno. Msimulizi anaeleza kwamba Vasco da Gama alipofika Calicut, kule Bara Hindi, mwaka 1498 zawadi zake kwa mfalme zilikuwa kofia, mabeseni ya kunawia, sukari na asali, na watu wa ikulu wakazicheka. Katika bandari iliyojaa hariri, pilipili na dhahabu, hakuwa na kitu cha kuuza. Alichokuwa nacho ni mizinga. Mwaka 1502 alirudi akachoma meli ya mahujaji waliokuwa wakitoka Makka. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa. Halafu wakaleta kibali walichokiita cartaz: chombo bila karatasi hiyo kilitekwa au kuzamishwa, na chenye karatasi kililazimika kupita bandari zao kulipa ushuru. Fikiria mtu atoke mbali, akute soko la Kibuye hapa Kisumu limechangamka, yeye hana bidhaa ya maana, kisha asimame langoni na bunduki awauzie kina mama ruhusa ya kuuza omena zao wenyewe. Nimesoma historia shuleni na sikuwahi kuambiwa hivyo. Tulikariri miaka tu.

Napenda pia kwamba hawakuigeuza kuwa hadithi ya dini mbili. Malindi iliwapokea Wareno kwa sababu ya uhasama wake na Mombasa, na wanalisema hilo waziwazi. Kuzingirwa kwa Fort Jesus, ngome ya Wareno Mombasa, na Waomani, 1696 hadi 1698, kumesimuliwa vizuri, ila somo hilo lilikuwa na mkwaruzo wa sauti. Nikawaandikia, wakanitumia jingine baada ya siku nne.

Sasa malalamiko yangu. Somo la saba linawasifu manahodha wa Sur, kule Oman, waliopandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue, mpaka kesi ikafika kwa wasuluhishi wa Hague mwaka 1905. Linauita ujanja wa mabaharia. Lakini baadhi ya majahazi yale yalificha watu waliokamatwa kwenda kuuzwa, na somo linawagusa kwa sentensi mbili kisha linapita. Mimi ni Mwislamu, biashara ile naipenda na naionea fahari, na kwa sababu hiyo hiyo nataka watu wale waliokuwa chini ya sitaha watajwe. Kuwaficha ni kuwadhulumu mara ya pili.

La mwisho ni la kwetu. Masomo yanaishia pwani. Mama yangu ni wa Mumias, na Uislamu wetu ulikuja na misafara ya Waswahili waliofuata pembe za ndovu hadi kwa Nabongo Shiundu, mfalme wa Wanga, na mwanawe Mumia. Pembe iliyopakiwa jahazini Mombasa huenda ilitembea kwa miguu kutoka huku. Na ushindani ule ulifika huku pia: mwaka 1900 Waingereza walishusha ziwani meli iitwayo William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uskoti, na Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Misafara ya miguu haikuweza kushindana na treni. Hakuna neno hata moja juu ya haya.

Nimewaandikia wauzaji kuhusu somo la saba na kuhusu Mumias, bado hawajajibu. Kwa shilingi 600 ningenunua tena. Kijana wangu amelihamishia somo la tatu kwenye simu yake, na zile mbao mbili tulizozishona zinaning'inia mlangoni mwa karakana. Wateja huzivuta kuona kama zitaachana.