WordPress na kugawa vyeo: safi, ila Mchangiaji jamani!

Mi WordPress, ile programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, naitumia kitambo sana na kitu ambacho naona watu hawakisemi ni vile inavyogawa nani aguse nini. Ukishaiweka tu unakuta vyeo vitano viko tayari, Admini, Mhariri, Mwandishi, Mchangiaji na Msajiliwa, huyo wa mwisho kazi yake ni kuingia na kurekebisha wasifu wake basi. Zamani kabla ya toleo la 2.0 la 2005 walikuwa wanatumia namba 0 mpaka 10, sa we fikiria unamwambia mtu wewe ni saba, saba ndo nini?

Kwa mtu anayekusaidia kuendesha tovuti cheo cha Mhariri kinatosha kabisa. Anagusa posti za watu wote, kurasa, kategoria, maoni, lakini plagini (vile viprogramu vya nyongeza) na mipangilio hata kwenye menyu yake hazionekani. Hili nimelijua kwa kuumia. Kuna jamaa alikuja kuniandikia posti tatu tu, mi na haraka zangu nikampa Admini, akaona kale kaduara kekundu ka "kuna masasisho" akabonyeza yote kwa nia njema kabisa, tovuti chali. Nimekesha narudisha bekapu. Kosa ni langu, programu ilifanya ilichoambiwa.

Sasa tuje kwa Mchangiaji. Wazo lenyewe zuri, anaandika, anatuma ikaguliwe, we ndo unachapisha, ila hawezi kupandisha picha! Hata moja. Na ukishachapisha posti yake hana ruhusa ya kuigusa tena, akiona amekosea jina la mtu inabidi akutafute wewe. Matokeo yake picha zinakuja kwa WhatsApp zimefinywa mpaka hazitamaniki halafu unazipandisha mwenyewe moja moja kama karani. Ukisema umpandishe awe Mwandishi, picha ataweka sawa, ila na kuchapisha atachapisha bila kukuuliza. Katikati hapo hakuna kitu.

Dawa yake ni plagini, mi natumia User Role Editor ile ya bure, unachagua Mchangiaji, unatiki kiboksi cha upload_files (ruhusa ya kupandisha faili), unasevu, kwisha. Ila angalia, haya mabadiliko yanakaa kwenye databesi kwa hiyo hata ukiizima plagini kesho hayaondoki, usije ukadhani umerudi kama mwanzo. Na usitikitiki hovyo, kuna viboksi humo ukimpa mtu ni sawa na kumpa Admini kwa mlango wa nyuma, mfano cha kuhariri watumiaji.

Kingine kinachoniudhi, huwezi kumpa mtu cheo cha wiki mbili kikaisha chenyewe, na bila plagini nyingine hakuna pa kuona nani alibadilisha vyeo au mipangilio saa ngapi. Nyota nne kati ya tano, ile moja imekatwa hapo na kwenye picha.

Mtu akiondoka usikimbilie kufuta akaunti. Ukifuta inakuuliza posti zake zifutwe au apewe mtu mwingine, na ukiwa na usingizi unaweza kubonyeza sipo. Mi nambadilishia cheo naweka ile ya mwisho kwenye orodha, "hana jukumu kwenye tovuti hii", posti zinabaki na jina lake na yeye hawezi kugusa kitu.