Last.fm: redio ilizimwa, daftari bado linaandika

Naipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za daftari, yaani kumbukumbu ya nyimbo ulizosikiliza. Ukienda kutafuta watu wa kupiga nao soga za muziki, umechelewa miaka mingi.

Mtandao huu ulianzia London mwaka 2002, ukaungana mwaka 2005 na Audioscrobbler, programu ya Richard Jones ya kuandika nyimbo zinazosikilizwa. Kazi yake ni kuandika kila wimbo unaousikiliza. Wenyewe wanaita kuskrobo. Ili uandikwe, wimbo uzidi sekunde 30, na uwe umesikilizwa nusu yake au dakika 4, lolote litakalotangulia. Taarabu ya dakika 15 inaandikwa dakika ya nne tu. Kwa hesabu hizo ulipewa "majirani", watu wenye masikio kama yako, pamoja na redio ya kupiga wanachosikiliza wao. Hapo ndipo utamu ulipokuwa.

CBS, kampuni ya habari ya Marekani, iliununua mtandao huu mwaka 2007 kwa pauni milioni 140. Lakini kila wimbo unaopigwa redioni una ada ya leseni, na mapato ya matangazo hayakutosha kuilipa ada hiyo katika kila nchi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba redio itakuwa euro 3 kwa mwezi, isipokuwa Uingereza, Marekani na Ujerumani. Msikilizaji wa Dar au Mombasa akaangukia upande wa kulipa. Waanzilishi watatu wakaondoka mwaka huohuo, na Aprili 2014 redio ikazimwa kabisa. Bila redio, jirani ni jina tu kwenye ukurasa.

Daftari lilinusurika kwa sababu kuandika jina la wimbo hakuhitaji leseni ya mtu.

Kwa Spotify, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Last.fm, sehemu ya programu, uunganishe. Basi. Kwa Boomplay, au nyimbo zilizo kwenye memori kadi, weka programu ya Pano Scrobbler kwenye simu ya Android. Inasoma arifa ya kicheza muziki, kwa hiyo lazima uipe ruhusa ya kusoma arifa, kisha uchague programu za kufuatiliwa. Usiitie Spotify alama kama tayari umeiunganisha kule kwenye tovuti, la sivyo kila wimbo utaandikwa mara mbili. Skrobo zikikatika baada ya saa chache, mkosaji karibu kila mara ni kibana betri cha simu kinachoua programu zilizo nyuma. Itoe Pano kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Usipokuwa na bando hakuna shida, inaweka akiba na kutuma baadaye.

YouTube kwenye kompyuta ndiyo yenye karaha. Web Scrobbler, kiendelezi cha kivinjari kinachoskrobo, hukisia msanii kutoka kwenye kichwa cha video, na vichwa vya Bongo Fleva vimejaa "ft", "Official Video" na jina la studio. Matokeo yake msanii mmoja anageuka wasanii wanne, kila mmoja na hesabu yake. Rekebisha palepale wimbo unapocheza, kwenye kidirisha cha kiendelezi. Kitakumbuka safari ijayo. Kwenye tovuti ya Last.fm, kurekebisha skrobo iliyokwisha kuingia ni kwa wanaolipia tu, na hapo ndipo nyota ya nne ilipopotea.

Ya tano ilipotea kwa usalama. Nywila za akaunti takriban milioni 43 ziliibwa mwaka 2012, zikiwa zimefichwa kwa MD5, mbinu ya zamani ya kuficha nywila, bila "chumvi" (herufi za nasibu za kuongeza ugumu), kinga inayovunjwa upesi. Kama akaunti yako ni ya zamani hizo, badilisha nywila, na popote pengine ulipoitumia.

Halafu toa nakala ya daftari lako. Programu za kupakua historia hupitia API ya Last.fm (mlango wa programu nyingine kuchukua data), ambayo hutoa hadi nyimbo 200 kwa ukurasa mmoja. Mwenye skrobo 40,000 ana kurasa 200 za kusubiri. Hifadhi kama CSV, faili la jedwali, na usiiache kwenye simu peke yake.