Kibanda cha mpira cha Mbagala kilichoonyesha WAFCON mwanzo hadi mwisho

Kwa wanaotafuta pa kutazamia mpira wa wanawake upande wetu wa Mbagala, Dar es Salaam: kuna kibanda umiza kimoja Kizuiani, ukiacha barabara kubwa unaingia ndani kidogo. Bati juu, bati ubavuni, mlangoni pazia la kitenge. Hakina jina ukutani. Mwenyewe ni mama mtu mzima ambaye wateja wote tunamwita Bi Mkubwa. Kiingilio mechi za kawaida shilingi 500, fainali ilikuwa 1,000, mtoto aliyekuja na mzazi 200.

Mimi ni fundi cherehani. Binti yangu yuko kidato cha pili na anacheza winga timu ya shule, kwa hiyo nikichagua pa kutazamia mpira usiku naangalia mambo ambayo kijana wa kiume hayaangalii: nani amekaa mlangoni, taa ya nje inawaka au haiwaki, mtoto wangu atabanwa na nani kwenye benchi. Julai 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake lilipochezwa Morocco, lile lililobaki na jina la WAFCON 2024 japo lilisogezwa mwaka mmoja, tulitazamia hapo kuanzia hatua ya makundi hadi fainali. Nakisifu kibanda hiki, na nina malalamiko nayo nitayasema.

Kwanza sifa. Mabanda mengi huku kwetu mechi ya wanawake ni ya kujazia muda. Inawekwa bila sauti watu wakisubiri kitu kingine, na filamu ya ngumi ikiwa tayari inakatwa hata kama ni dakika ya 80. Bi Mkubwa anaandika ratiba ya wiki kwa chaki kwenye ubao mweusi uliosimamishwa nje, na akishaandika hafuti. Hilo lilijaribiwa tarehe 9 Julai. Usiku huo PSG na Real Madrid walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, na ubaoni palikuwa pameandikwa DR Congo na Morocco. Vijana walijaa mlangoni wakitaka abadilishe. Aliwaambia televisheni ndogo ya pembeni itaonyesha PSG bila sauti, kubwa ni ya Wakongo na Wamorocco kwa sababu kuna watu wamekuja kwa ajili yao. Na kweli walikuwepo, kinamama wa Kikongo wanaouza vitenge, walikaa mstari mmoja wakaimba. Nusu ya vijana waliondoka kwenda banda la jirani na pesa zao. Sisi tuliobaki tulimwona Ghizlane Chebbak akifunga mabao matatu peke yake, Morocco ikashinda 4-2. Kinamama walisikitika, lakini mpaka filimbi ya mwisho hakuna aliyewagusa wala kuwazomea. Biashara ya usiku ule Bi Mkubwa aliipoteza nusu, nami ndipo nilipoamua kuwa hapa ndipo pangu.

Sasa usiku wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, na Afrika Kusini, tarehe 11. Tulikuwa tumeshafungwa na Mali 1-0, na Banyana Banyana, yaani hao Afrika Kusini, ndio waliokuwa mabingwa watetezi, walichukua kombe 2022 hukohuko Morocco. Kwetu sisi zilikuwa fainali za kwanza tangu 2010. Binti yangu alikuwa hajazaliwa mara ya mwisho Tanzania ilipofika huko. Bi Mkubwa alitenga mabenchi mawili ya mbele kwa wasichana, akaweka kamba ya katani, na kijana yeyote aliyepita kamba alirudishwa kwa jina la mama yake. Opa Clement wetu alipofunga dakika ya 24, kelele zilizopanda pale mbele zilikuwa nyembamba, za wasichana watupu, halafu ndipo sauti nzito za nyuma zikafuata. Binti yangu alisimama juu ya benchi amejishika kichwa kwa mikono miwili, hapigi kelele, anatazama tu marudio, na yaliporudiwa mara ya pili akaniambia, "Mama, umeona alivyojipanga kabla mpira haujafika?" Mimi sikuwa nimeona. Yeye aliona, kwa sababu alikuwa amekaa mbele, skrini kubwa, hakuna kichwa cha mtu kinachomziba. Afrika Kusini walisawazisha dakika ya 70, Bambanani Mbane, na mechi ikaisha 1-1. Watu walitoka wakipeana mikono kana kwamba tumeshinda. Kutoa sare na bingwa mtetezi si jambo dogo, na mwalimu Bakari Shime na wachezaji wake walistahili zile shangwe. Baada ya hapo Ghana walitutandika 4-1, tukatolewa.

Nilidhani tukishatolewa ubao utafutwa. Haukufutwa. Robo fainali zilionyeshwa zote, Nigeria akimpiga Zambia 5-0 huku Barbra Banda, mshambuliaji wa Zambia tuliyemsubiri kwa hamu, akikosa pa kupita.

Malalamiko yangu makubwa yanatoka nusu fainali, tarehe 22, Nigeria na Afrika Kusini. Rasheedat Ajibade wa Nigeria alifunga penalti kabla ya mapumziko, Linda Motlhalo wa Afrika Kusini akasawazisha kwa penalti kipindi cha pili, mechi imekaa pabaya, umeme ukakatika. Jenereta lipo, liko nyuma ya banda, limefunikwa turubai. Petroli haikuwepo. Kijana alitumwa na dumu, akachelewa, na bao la ushindi la Nigeria, la Michelle Alozie dakika ya 94, tulilisikia kutoka kwenye simu ya mtu aliyekuwa na bando. Jamani, mtu amelipa, amefunga kazi mapema, amemvalisha mtoto jezi, halafu anasikilizia ushindi kwenye simu gizani! Bi Mkubwa alituomba radhi mmoja mmoja mlangoni na kusema mechi inayofuata hatulipi, na kweli hatukulipa. Lakini mechi ile hairudi. Anayechaji watu kiingilio Dar es Salaam lazima dumu la petroli liwe limejaa kabla mpira haujaanza.

Jingine ni choo. Kimoja, cha wote, nyuma gizani, na mlango ulikuwa haufungi kwa ndani. Wasichana walikuwa wanakwenda wawili wawili, mmoja anashikilia mlango. Kwa kibanda kinachojali wasichana kiasi hiki hilo linaniuma, na nilimwambia mwenyewe bila kificho. Joto nalo lipo, feni mbili hazitoshi watu wakijaa, nenda na kanga nyepesi.

Chakula ni mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili ya kusaga, na chai ya tangawizi. Mihogo ni mizuri ikitoka jikoni, ikikaa inakuwa migumu, nunua mapema.

Kuna huduma moja sijaikuta kwingine. Matangazo ya kwenye king'amuzi yalikuwa ya lugha ambayo wengi wetu hatuishiki, basi kuna kijana ambaye siku nyingine hutafsiri filamu humo ndani, Bi Mkubwa akampa kipaza sauti. Hapigi makelele muda wote. Anangoja mpira utoke, au refa asimame, ndipo aeleze. Alikuwa amejifunza majina ya wachezaji mpaka wa akiba na ameyaandika kwenye daftari. Usiku wa fainali ndipo alipotufaa. Morocco wanaongoza 2-0 kwao Rabat, Chebbak na Sanaa Mssoudy wamefunga mapema, banda limenyamaza kwa sababu wengi tulikuwa na Nigeria. Kipindi cha pili refa akaenda kutazama VAR, yale marudio ya video ya waamuzi, hakuna anayejua kuna nini, kijana akasema taratibu, "Mpira umegusa mkono wa beki, tazameni kiwiko." Penalti kwa Nigeria, Esther Okoronkwo akafunga. Halafu Folashade Ijamilusi akasawazisha, halafu dakika ya 88 mpira wa adhabu uliopigwa na Okoronkwo ukamkuta Jennifer Echegini, 3-2. Usiku huohuo refa alirudi tena kwenye VAR, safari hii ni penalti aliyokuwa amewapa Morocco, akaifuta, na kijana akatueleza kwa nini kabla hata hatujaanza kubishana. Kombe la 10 kwa Nigeria. Nimeshatazama fainali nyingi za wanaume katika mabanda, sikumbuki niliyoielewa kwa undani kama hii.

Mechi ilipoisha ilikuwa karibu saa saba usiku. Daladala hakuna. Bi Mkubwa alikuwa amewaweka bodaboda anaowajua mwenyewe nje, akawa anaandika kwenye daftari lake nani amepanda na nani, hasa wasichana. Mimi na binti yangu tulipanda mmoja, na tulipofika nyumbani Bi Mkubwa alinipigia simu kuuliza kama tumefika. Kwa mama mwenye binti, hiyo shilingi 1,000 imenunua zaidi ya mpira.

Nyota nne kati ya tano. Fainali zinazofuata, za WAFCON 2026, ni za timu 16 badala ya 12, Twiga Stars wamefuzu, jirani zetu Harambee Starlets wa Kenya nao wamefuzu, na timu nne zitakazofika nusu fainali zinakwenda Kombe la Dunia Brazil 2027. Nilipita juzi kumpelekea Bi Mkubwa pazia jipya la mlango, nikaona choo kimewekwa komeo na balbu. Suala la petroli ameniahidi. Ukija siku ya Twiga Stars fika saa nzima kabla, mabenchi ya mbele ni ya wasichana, na ukiwa mwanaume mwambie binti yako au mdogo wako akukatie tiketi akae huko, wewe kaa nyuma karibu na feni.