LASIK, PRK na SMILE: nyumbani kwetu tumefanya zote tatu, haya ndo niliyoyaona

Nimevaa miwani toka darasa la nne na namba ilipanda mpaka minus 6 macho yote, yaani nikivua miwani sura ya mtu aliyekaa mbele yangu siioni vizuri. Hizi tatu ni operesheni za leza za kurekebisha uoni ili uachane na miwani. Miezi 8 iliyopita nimefanya PRK, dada yangu alishafanya LASIK miaka 3 nyuma, na binamu yetu kafanya SMILE juzi juzi tu. Kila mtu anayesikia anauliza ipi bora, so naandika hapa mara moja.

Kwanza mjue zote tatu lengo ni lile lile, kuchonga konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili mwanga utue sawasawa kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Tofauti ni leza inapitia wapi kufika huko.

LASIK inakatwa flapu nyembamba (tabaka la juu la konea), kama maikroni 100 hadi 120 (maikroni 1000 ni milimita moja), inafunuliwa kama ukurasa, leza ya eksima inachonga chini yake afu flapu inarudishwa pale pale na inashika bila uzi wowote. Dada anasema kuna sekunde jicho linabanwa unaona giza tupu, na kilichomshtua zaidi ni harufu kama nywele zinaungua, lakini maumivu hamna maana wanaweka matone ya ganzi. Jioni macho yaliwasha na kutoa machozi, kesho yake asubuhi anasoma saa ya ukutani kutoka kitandani, mama alilia jamani. Kwa kupona haraka LASIK haina mpinzani. Ila ukavu! Ile flapu inakata mishipa midogo ya fahamu inayoliambia jicho litoe machozi, na dada yangu ametembea na matone kwenye mkoba karibu miezi 6, akikaa kwenye kompyuta macho yanakua kama yana mchanga. Kingine, flapu hairudi kushika kama konea ambayo haijaguswa, pigo kali la jicho linaweza kuisogeza hata miaka baadae, ndo maana mabondia na wanajeshi wanashauriwa zaidi PRK.

Sasa PRK yangu. Hii ndo ya zamani kuliko zote, Marekani waliiruhusu 1995, na haina flapu kabisa. Wanaondoa ile ngozi laini ya juu ya konea (inaota tena yenyewe), leza inachonga juu juu, wanakuwekea lenzi laini kama bandeji unaenda nyumbani. Nawaambia ukweli, inauma. Siku ya kwanza nilidhani nimeponea, siku ya pili na ya tatu nililala chumba chenye giza na kitambaa usoni, mwanga wa simu tu ulikua kama sindano, sikuweza kula mezani na wenzangu. Siku ya 5 lenzi ilitolewa na maumivu yakaisha, lakini ukungu ukabaki, nimeanza kusoma maandishi madogo bila kukodoa wiki ya 4 na kutulia kabisa ni kama mwezi wa 3. Ukiwa na kazi ambayo huwezi kuiacha hata wiki moja, PRK itakutesa. Na kwa namba kubwa kama yangu konea inaweza kufanya kovu la ukungu, kwa hiyo daktari alipaka mitomaisini (dawa ya kuzuia kovu hilo) kidogo pale pale kwenye operesheni na miwani ya jua ilikua lazima kila nikitoka nje.

Kwa nini basi nikachagua mateso? Hapa ndo penye uzito. Konea yangu ina maikroni 490, ya kawaida ni kama 540. Kwa minus 6 leza ingekula karibu 85, ongeza flapu ya 110, chini inabaki 295. Wapo madaktari wanaokubali mpaka 250, wangu anataka zaidi ya 300, kwa sababu konea ikibaki nyembamba sana inaweza kulegea na kuvimba mbele miaka ijayo na hapo uoni unaharibika vibaya. Bila flapu zile 110 zinabaki kwangu. Hesabu hii alinichorea kwenye karatasi nikaielewa nikakubali.

Kliniki ya kwanza niliyoenda hawakunipimia unene wala topografia (ramani ya umbo) ya konea, walisoma namba ya miwani yangu wakanipa tarehe ya LASIK, basi. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira. Hata kontakti lenzi hawakuniambia nivue, wakati zile laini zinatakiwa zikae nje wiki moja mpaka mbili kabla ya vipimo maana zinabadilisha umbo la konea, na ngumu ni zaidi ya hapo.

SMILE ya binamu sina mengi, ni leza ya femtosekunde (ya mipigo mifupi mno) peke yake, inakata kipande kama lenzi ndogo ndani ya konea na daktari anakivuta kupitia tundu la milimita 2 mpaka 4. Ukavu wake umekua mdogo kuliko wa dada, na kweli mishipa inayokatwa ni michache. Ila siku 3 za kwanza aliona kama kuna moshi, na ukihitaji marekebisho baadae huwezi kufungua tena lile tundu kirahisi, mara nyingi wanakurudisha kwenye PRK. Pia inafanyiwa zaidi wasioona mbali, mwenye shida ya karibu mara nyingi hapo hana chake. Na nyie mnaokaribia miaka 40, hakuna kati ya hizi inayozuia miwani ya kusomea ya uzeeni.

Usiku bado naona duara za mwanga kwenye taa za magari, zinapungua pungua. Nyota naziona.

Mdogo wetu wa mwisho naye alitaka, minus 3 tu, kijana, namba haijasogea mwaka mzima, kwa macho ya wengi ndo mgonjwa rahisi kuliko sisi wote. Topografia ikaonyesha konea inaanza kuchongoka kwa chini, keratokonasi, akakataliwa LASIK, PRK na SMILE zote siku hiyo hiyo na anaandaliwa matibabu ya kuikaza konea. Sisi wengine tumeambiwa turudi kupima kila mwaka kwa sababu inatembea kwenye familia. Ile kliniki ya kwanza wangempa tarehe.