Mbegu za merigoldi za pakiti: zinaota vizuri, ila maelezo yake si ya Mombasa

Mbegu zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na maandishi ya nyuma ya pakiti. Yanataka nipande kati ya Machi na Mei, ndani ya nyumba, dirishani penye joto, kisha miche niitoe nje jalidi, ile baridi ya kugandisha, ikishaisha. Jalidi, Mombasa! Aliyeyaandika alikuwa anawaza bustani ya Uingereza, na aliyeziingiza nchini hakujali hata kubandika kijikaratasi cha Kiswahili. Kwetu Machi ni jua la kaskazi linalounguza, na kufika Mei masika yamepamba moto, mvua inafukua mbegu zote na kuzipeleka mtaroni.

Nilichukua aina mbili katika duka moja la pembejeo mjini, kila pakiti shilingi 150. Moja ni Crackerjack, merigoldi ndefu inayofika karibu mita moja, yenye maua makubwa ya manjano na ya rangi ya chungwa, mfano wa yale yanayotungwa mashada ya Diwali. Nyingine ni fupi, ya Kifaransa, maua madogo yenye rangi ya damu ya mzee pembeni.

Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hii haina msimu, wewe panda tu." Kuota, kweli huota wakati wowote, kwa joto letu kichwa cha mche hutokeza kabla wiki haijaisha. Kuchanua ndiko kwenye kazi. Joto likipita nyuzi 32 mmea unashughulika na majani, na ua likija linakuja kinyonge. Kwa hiyo mimi nasia Juni, mvua zikishapungua na kusi ikipoza mji, nipate maua Agosti na Septemba. Anayeyataka ya Diwali ahesabu miezi miwili na nusu kurudi nyuma. Katika hilo sisi tuna bahati: merigoldi ndefu hupenda mchana wenye urefu usiozidi sana saa kumi na mbili, na hapa mchana ndio huo mwaka mzima, wakati wa Ulaya wanapambana na siku ndefu za kiangazi zinazochelewesha maua.

Mbegu ni kama sindano nyeusi yenye mkia wa rangi ya majani makavu. Usiizike, udongo wa nusu sentimita juu yake unatosha. Natumia mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, tena kidogo, kwa sababu samadi ikizidi unapata kichaka kizuri sana kisicho na ua hata moja. Trei inakaa kivulini mpaka zichomoze, halafu isogezwe kwenye jua la asubuhi mara moja, la sivyo miche inarefuka na kulala. Ikishafika majani manne hivi naiatika kwenye vyungu jioni, kamwe si mchana.

Crackerjack ikifika urefu wa shibiri, kata kilele. Inauma moyo, lakini ndiyo inayotoa matawi. Iwekee na kijiti, upepo wa kusi hauna huruma na mmea mrefu. Maji mimina shinani. Yale maua makubwa yakilowa mara kwa mara yanaoza katikati. Maji yakikosekana siku za joto kavu, geuza majani uangalie chini: ukiona vidoa na utando mwembamba, ni utitiri.

Ile fupi nimeipenda kwa vyungu vya barazani. Huchanua mapema kuliko ndefu na haidai kijiti. Ila pakiti inajigamba kwamba inafukuza wadudu wa nyanya, na hapo wateja wanauziwa matumaini. Inachopunguza vizuri ni minyoo fundo, vile vijinyoo vya udongoni vinavyotia mizizi mafundo, na ni pale unapoijaza tuta zima kwa miezi miwili au zaidi kabla ya kupanda nyanya. Mche mmoja pembeni ya mnyanya ni pambo tu.

Lawama ya mwisho ni ya duka. Pakiti zimetundikwa mlangoni, zinapigwa na jua la adhuhuri na unyevu wa bahari, na tarehe ya kufungashwa imefunikwa na kibandiko cha bei. Mbegu haidumu namna hiyo. Nilipoomba nikatolewa nyingine kwenye droo ya ndani, na hizo ndizo ninazozisifu hapa.

Crackerjack nazipa nyota nne. Sitahitaji kununua tena haraka, maana si chotara: ua likikaukia mtini unavuna mbegu zake, unazianika kivulini na kuzifunga kwenye chupa kavu, ingawa rangi zitakazotoka huzichagui wewe. Fupi nyota tatu, moja nimeikata kwa yale majigambo ya nyanya. Duka nyota mbili, na mbili hizo ni za yule kijana, aliyekubali kukifungua kibandiko kwa ukucha ili nisome tarehe.