Uzoefu wangu: nguo ya kubana baada ya kunyonywa mafuta, na zile kilo zinazopanda

Nimeitumia nguo hii baada ya upasuaji wa kunyonywa mafuta ya tumbo na kiuno (liposuction). Inaanzia chini ya matiti hadi juu ya magoti, ina zipu ubavuni na safu tatu za kulabu. Kazi yake inaiweza. Ila asiinunue mtu akitegemea mizani ishuke: wiki ya kwanza mizani hupanda mara nyingi, na nguo haina kosa hapo.

Lita moja ya mafuta ina takribani kilo 0.9 tu. Kabla ya kuyanyonya, daktari huingiza chini ya ngozi maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini (dawa ya kubana mishipa ya damu), na mengi hubaki mwilini. Juu yake kuna dripu, maji ambayo mwili wenyewe huyazuia kwa sababu ya jeraha, na choo kigumu kinacholetwa na dawa kali za maumivu. Kila lita ya maji ni kilo nzima. Uvimbe hukolea siku za mwanzo, hupungua sana kufikia wiki ya 4 hadi ya 6, na umbo kamili hutulia baada ya miezi 3 hadi 6. Mizani iache kwanza. Chukua futi ya fundi cherehani, pima usawa wa kitovu asubuhi baada ya kutoka msalani, mahali palepale kila mara. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, tembea polepole mara kwa mara, na dawa za kukojoza usizimeze bila daktari.

Nguo yenyewe anza nayo safu ya nje ya kulabu, uingie ndani kadiri uvimbe unavyopungua. Usichukue saizi ndogo ukidhani itaharakisha mambo. Ikibana kupita kiasi huleta ganzi na malengelenge, na mguu huvimba chini ya pindo. Kasoro yake kubwa ni kujikunja kiunoni unapokaa: mkunjo ukiachwa saa nyingi huchora mfereji kwenye ngozi, na pembeni mwake uvimbe hujaa. Inyooshe kila unaposimama, na kama daktari ameruhusu, weka sponji bapa ndani. Siku ya kwanza kuifungua, fungua ukiwa umekaa na mtu yupo karibu, kwani presha hushuka ghafla na unaweza kuzirai.

Upande mmoja ukivimba ghafla na kuwa mgumu, au ukipata homa, shavu la mguu mmoja likiuma au pumzi ikikata, hapo si suala la nguo tena, nenda hospitali saa hiyohiyo. Uvimbe unaochezacheza ukiubonyeza huenda ni maji yaliyokusanyika, na daktari huyatoa kwa sindano.

Nunua mbili, moja ivaliwe nyingine ikikauka. Fua kwa mkono, maji baridi, anika kivulini. Joto huua mpira wake.