Masta ya sera za afya: fani nne, na hakuna wa kusaini

Chuo sikitaji. Waliosoma pale watakijua wenyewe. Kiko Dar, kinafundisha shahada ya uzamili ya sera za afya kwa watu walio kazini, vipindi vingi kwa mtandao na wiki za kukutana ana kwa ana kila muhula. Mimi ni muuguzi, kituo chetu kiko huku Newala. Kuna mdogo wangu wa Lindi, muuguzi mwenzangu, kaniuliza ajiunge au asijiunge. Nikaanza kumjibu kwa meseji, meseji ikakataa kuisha, ndiyo hii.

Mdogo wangu, usijiunge.

Walichoniuzia ni kwamba daktari, mchumi, mwanasheria na mtu wa sosholojia watakaa darasa moja na kulitazama tatizo moja. Mimi tatizo nilikuwa nalo tayari, nalihudumia kila siku dirishani. Familia ya huku ikipata mgonjwa mwezi wa sita, watu ndio kwanza wanahangaika kupiga salfa kwenye mikorosho, mfukoni hamna kitu. Baba anamfuata mtu wa kangomba, anachukua hela leo, korosho atatoa msimu ukifika, kwa bei ya kuumiza. Minada ikifunguliwa mwezi wa kumi, jirani anapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, yeye anapeleka kwa mdai wake. Mwaka unaofuata, hivyo hivyo. Na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya hiari ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima! Nilitaka kujua kwa nini mtu huyu, hata ule msimu aliouza vizuri, hakukata kadi. Je, hakuiamini? Aliwahi kuja nayo tukamwambia dawa hakuna, akanunue duka la nje? (Imetokea. Nimewahi kumwambia mtu hivyo kwa kinywa changu, maana dawa kweli hazikuwepo.)

Sasa niambie hilo ni swali la fani gani. Mkopo ni uchumi. Kangomba imepigwa marufuku, hiyo ni sheria. Aibu ya kumkimbia mdai ambaye ni shemeji yako, hiyo ni jamii. Mgonjwa ni wangu. Nilidhani nimewapelekea kitu kile kile walichokuwa wanakitafuta.

Siku ya kuwasilisha andiko la utafiti wangu mbele ya paneli nilijifungia chumba cha dawa, ndipo mtandao unaposhika. Nikaeleza. Mtu wa uchumi akasema hapa haoni modeli, nipeleke kwa watu wa sosholojia. Mtu wa sosholojia akasema korosho ni za chuo cha kilimo. Wa afya ya jamii akauliza ugonjwa wenyewe ni upi, malaria au kisukari, nichague mmoja. Mwanasheria hakuwasha kamera, mpaka leo sijui kama alikuwepo. Halafu mwenyekiti akavua miwani.

"Sista, kwani wewe kwa fani ni nani hasa?"

"Muuguzi, Profesa."

"Basi tuletee kitu cha wodini."

Na wakacheka. Mmoja alisahau kuzima maiki, nikamsikia akiuliza kangomba ni chakula gani.

Ni watu hao hao waliotusomesha Walt na Gilson, watafiti wa sera za afya, ile pembetatu yao ya mwaka 1994. Kwamba usiishie kusoma sera imeandika nini. Tazama na mazingira yake, namna ilivyopitishwa, na katikati ya yote wahusika, nani ana nguvu na nani hana. Tumeichora ile pembetatu mpaka naiota. Haya, mhusika mwenyewe nimekaa mbele yenu, nimevaa sare, nawaeleza kinachotokea dirishani, mnanirudisha wodini!

Nikikumbuka hapo, hata mambo madogo yananikera upya. Ile mvua iliyokata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, nilimtumia mratibu picha ya foleni ya mabasi, nikamwomba nifuatilie kwa mtandao wiki ile. Akanijibu "wenzako wamefika." Wenzangu wanakaa Sinza, hapo hapo Dar.

Lakini nisiwe mwongo. Ile wiki ya ugharamiaji wa huduma za afya ilikuwa na thamani ya ada ya muhula mzima. Mwalimu alituanzishia na mchumi Kenneth Arrow, mwaka 1963, kwamba soko la matibabu si kama soko la samaki, mgonjwa hajui ataumwa lini wala kama tiba itamfaa, na anayemuuzia ndiye anayemwambia anahitaji nini. Nilikaa pembeni ya kaka mmoja wa benki, mtu wa Masasi, akanielewesha kwa penseli kwa nini bima ya hiari inapata shida: anayekimbilia kukata kadi ni yule anayejijua mgonjwa, mzima anasubiri, mfuko unapungua huku madai yanaongezeka. Nimepokea watu wa CHF muda mrefu na sikuwahi kuliona hivyo. Na mimi nikampa kitu asichokijua. Sera ya Afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, lakini nani anaamua huyu mzee hana uwezo? Mimi na karani, foleni ikiwa ndefu. Mwalimu akasema hicho ndicho Michael Lipsky, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alichoeleza mwaka 1980, kwamba mtumishi wa mwisho kabisa, yule wa dirishani, ndiye anayeitunga sera kila siku. Tulipofika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 darasa lilibishana mpaka mlinzi akaja kufunga. Mwanasheria anasoma kifungu, mwenye benki anauliza asiye na uwezo analipiwa na nani, mimi nawauliza kadi bila dawa ni ya nini. Siku ile ningekupa hela ya nauli uje.

Kwa hiyo darasani fani zinakutana. Zinaachana kwenye tasnifu, na sababu nilikuja kuijua kwa dada wa ofisi ya masomo ya juu, kwa simu, kwa upole kabisa: mhadhiri akimsimamia mwanafunzi wa idara nyingine, kwenye mzigo wake wa kazi hahesabiwi kitu. Ndiyo hiyo tu. Watu wanaofundisha nchi nzima kwamba sera isiyo na motisha kwa mtekelezaji haitekelezwi!

Nilipewa msimamizi wa epidemiolojia, yaani fani ya mwenendo wa magonjwa. Mtu mwema, salamu zake ndefu, atauliza watoto, atauliza mvua. Kila rasimu anairudisha na swali lile lile, upande wa uchumi ataupitia nani? Na wa uchumi hajibu barua pepe.

Nilisema usijiunge. Ngoja kwanza. Kama unaweza kumpata msimamizi akukubali kwa maandishi kabla hujalipa, jiunge. Kama swali lako ni la fani moja safi, jiunge pia, hutaona tabu. Kama ni la mtaani kama langu, mdogo wangu, mh. Nyota ningetoa mbili. Yule mwalimu wa ugharamiaji peke yake nampa nne. Mwenyekiti wa paneli simpi hata salamu.

Mimi siachi, na mada sibadilishi. Vibali nitavihangaikia mwenyewe, na minada ikifunguliwa naingia vijijini na daftari langu. Chuo kinitafutie tu mtu wa uchumi anayesoma barua pepe zake.